Ng'ombe Aliyerudi Mchana

Kwetu Mbulu mtu mwenye akili haweki ng'ombe wake wote katika zizi moja. Wawili huwapeleka kwa rafiki, mmoja kwa shemeji, mwingine kwa mtu wa bonde la pili ambaye pengine hata hawajuani sana. Anayepokea analisha, anakamua, anakunywa maziwa na kutumia mbolea. Ng'ombe anabaki wa mwenyewe, na ndama vilevile, ingawa mwenye moyo hutoa ndama mmoja baada ya muda kama asante. Ugonjwa ukiingia zizi moja hauwamalizi wote. Na majirani hawajui una ng'ombe wangapi, jambo ambalo lina faida zake. Aliyepewa ng'ombe wa kulisha hajioni mdogo hata kidogo. Anatembea kifua mbele kwa kuwa ameaminiwa, na mwenye ng'ombe ndiye anayekuja na maneno ya kubembeleza.

Naeleza haya mwanzoni kwa sababu bila hayo nitaonekana mjinga kuliko nilivyokuwa.

Miaka ile ya themanini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Babati. Niliishi Maisaka, katika nyumba ya vyumba vitatu ambayo viwili havikuwa na kazi. Mke wangu alikuwa amefariki. Watoto wetu walichukuliwa na bibi yao huko juu Mbulu, aliyesema kwamba mwanamume hawezi kulea watoto kwa chaki. Dukani sabuni hakuna, sukari tuliisikia tu, na mafuta ya taa yakija unapanga foleni hadi unasahau ulichofuata. Watu wakikumbuka miaka ile hukumbuka shida hizo. Mimi shida niliyoijua zaidi ni ya kurudi nyumbani jioni na kukuta kikombe pale pale nilipokiacha asubuhi. Ya sukari unailalamikia na wenzako kwenye foleni, mnacheka, mnarudi. Hii nyingine sikuwa na wa kumlalamikia.

Mtu ninayetaka kumwandika alikuwa Mrundi, mmoja wa waliokimbia mauaji ya kwao miaka ya sabini. Alikuwa amekaa muda mrefu katika makazi ya wakimbizi huko magharibi, ambako walipewa mapori wakaambiwa walime, wakalima. Parokia yetu ilipoanza kujenga upande wa Bonga, padri mmoja aliyewahi kufanya kazi kule makazini akamleta kwa kibali, kwa kuwa alijua kufyatua na kuchoma matofali. Matofali yakaiva vizuri. Saruji ikakosekana, ujenzi ukasimama, naye akasimama pamoja nao. Akaazimwa kipande cha shamba Mutuka, na kibanda pembeni yake. Mke wake alibaki makazini pamoja na binti yao aliyeolewa kule. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, mrefu, mkimya, mikono imepasukapasuka kwa udongo. Wote tulimwita Fundi.

Kila Jumapili baada ya misa watu walimbebesha kitu. Maharage kwenye kopo, shati lililokwisha kola, unga wa njano ambao wenyewe walikuwa hawautaki. Alipokea kwa mikono miwili na kuinama. Mimi jambo hilo lilinikera. Shuleni nilikuwa nafundisha na siasa, na neno kujitegemea nililisema kila wiki mbele ya watoto waliokuwa wanasinzia kwa njaa. Basi kwenye kikao cha jumuiya nikasimama nikasema tunamfanya mtu mzima kuwa ombaomba, kwamba ukimpa mtu maharage kila Jumapili hatapanda ya kwake. Jirani yangu, mama mmoja mjane mwenye ulimi mkali na mkono mwepesi wa kutoa, akanijibu bila kusimama.

"Mwalimu, wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe lenyewe dukani halipo. Wewe utampa nini, hotuba?"

Watu wakacheka. Nikasema nitampa ng'ombe.

Nilikuwa nao watatu, na mmoja mwekundu alikuwa na mimba. Nilimswaga mwenyewe hadi Mutuka siku ya Jumamosi. Nikamweleza Fundi masharti kama tunavyoelezana kwetu: maziwa yako, mbolea yako, ng'ombe wangu, akizaa tutazungumza. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Halafu akapiga goti moja kwenye vumbi, akapiga makofi polepole na kusema maneno ya kwao ambayo sikuyajua. Nikadhani ni furaha. Nikamwinua nikamwambia aache mambo hayo, ng'ombe ni wa kulisha tu.

"Nimeelewa, Mwalimu," akasema.

Tangu wiki ile akawa anakuja kwangu. Alikuja mara ya kwanza na chupa ya maziwa, na baada ya kuniachia maziwa hakuondoka, akaanza kukaza uzio uliokuwa umelegea tangu mke wangu akiwa hai. Safari iliyofuata akaja na mzigo wa majani kwa ajili ya ng'ombe wangu wawili waliobaki. Akaziba paa la banda. Maharage yake yalipokomaa, kikapu cha kwanza kilikuja kwangu. Pombe ya ndizi alipoipika alikuja nayo katika kibuyu, akaonja yeye kwanza, kisha akanipa. Nikitoka naye kwenda sokoni alibeba mfuko wangu na kutembea hatua moja nyuma. Nilijaribu kumsubiri tuwe sawa, naye akasimama kunisubiri mimi. Nikaacha. Kila watu na tabia zao, nilijiambia.

Na salamu. Alikuwa ananizidi miaka isiyopungua kumi, kwa hiyo mimi ndiye nilipaswa kumwamkia, na kabla ya ng'ombe ndivyo ilivyokuwa. Baada ya ng'ombe akawa ananiwahi. "Shikamoo, Mwalimu," kabla sijafungua mdomo, na mimi nabaki na marahaba isiyotaka kutoka. Nikasema labda ndivyo Kiswahili cha huko magharibi kilivyo.

Jioni tulikunywa chai isiyo na sukari, yenye maziwa ya ng'ombe wangu aliyokuja nayo kutoka Mutuka. Nilimpa kiti, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango. Nilizungumza mimi. Nilimweleza habari za mke wangu, jinsi alivyoumwa na jinsi alivyonikataza kumwita mama yake. Nilimweleza ugomvi wangu na mwalimu mkuu, tangu mwanzo, na kila ulipoongezeka nikamwongezea. Yeye aliitikia kwa kichwa panapostahili, akacheka panapostahili, akasema "ndiyo, Mwalimu." Niliposimama naye alisimama, akaaga. Sikuwa nimepata msikilizaji wa namna hiyo tangu nizaliwe. Mama jirani akawa ananitania kwamba nimeoa mke mwenye ndevu. Nilicheka pamoja naye. Nilikuwa na furaha, na kwa mtu aliyekaa na kikombe kimoja muda wote ule, furaha ya namna hiyo haichunguzwi.

Ng'ombe akazaa salama, jike. Shamba la Fundi lilipata mbolea, likawa la kijani wakati mengine yanakauka. Akawa anapeleka maziwa hotelini mjini, akapata kandambili na blanketi, na Jumapili hakupokea tena kopo la mtu. Padri alinitaja kanisani kama mfano wa jinsi ya kumsaidia mkimbizi bila kumdhalilisha. Nilitazama chini kama mnyenyekevu, lakini masikio yalikuwa wazi.

Ndipo ikaja habari kutoka makazini. Dereva wa lori la kanisa alisema mke wa Fundi ameanguka shambani, upande mmoja umepooza, na binti yao anauliza baba anakuja lini. Kila mtu alitegemea ataondoka kesho yake. Hakuondoka. Wiki ikapita, na nyingine. Akawa anakuja kwangu kama kawaida, na majani, na maziwa, akiwa amekonda uso. Watu wakaanza kunong'ona kwamba Babati imemnogea, kwamba amesahau alikotoka. Mama jirani alinishika nje ya kanisa akaniambia nimuulize, maana mimi ndiye rafiki yake. Nilifurahi kuitwa hivyo. Na niseme ukweli, kila jioni niliyosikia "hodi" yake nilishukuru kimoyomoyo kwamba bado yupo.

Nilimuuliza Jumapili alasiri. Alikuwa anabadilisha mti mmoja wa uzio.

"Fundi, mama kule anaumwa."

"Ndiyo, Mwalimu. Nimesikia."

"Unaondoka lini sasa?"

Aliendelea kushindilia udongo kwa mguu. "Mwalimu ndiye anajua."

"Mimi najua nini?"

"Siku utakayonipa njia."

Nilidhani anataka nauli, nikaanza kumweleza kwamba lori la kanisa litampeleka hadi Singida bila malipo, na kutoka pale watampa barua ya kupandia treni. Akasema hilo analijua, dereva ameshamwambia. Akaacha ule mti, akanawa mikono kwenye ndoo, akakaa chini. Halafu akazungumza, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, zaidi ya sentensi mbili.

Alisema baba yake, alipokuwa kijana, alipewa ng'ombe na mtu mkubwa wa kilima chao. Tangu siku ile baba yake akawa mtu wa yule mtu. Alijenga uzio wake, alibeba mizigo yake, alimpelekea pombe ya kwanza ya kila mavuno, na mama yao alitwanga nafaka ya nyumba ile kabla ya ya kwao. Haikuwa aibu, wengi walikuwa hivyo, na asiye na mtu mkubwa hakuwa na wa kumtetea. Mama wa baba yake alipofariki kilima cha mbali, baba yake alikwenda kuomba njia. Akaambiwa asubiri mtama uvunwe. Akasubiri. Alipofika, kaburi lilikuwa limeota majani.

"Lakini hakuwa mtu mbaya," Fundi akasema, akinitazama magoti. "Alikuwa bwana mzuri. Kama wewe, Mwalimu."

Nilikasirika. Mimi mtu nikiumia hukasirika kwanza, halafu ndiyo naumia. Nilimwambia hapa si kwao, hapa ng'ombe ni ng'ombe tu, kwamba nilimweleza masharti kwa mdomo wangu siku ile ile, na kwamba hata huko kwao wenyewe nilisikia serikali ilishapiga marufuku mambo hayo zamani. Nilisema kwa sauti ya darasani.

"Ndiyo, Mwalimu," akasema.

Nilikuwa nimeisikia ile "ndiyo" miezi yote. Sasa nikaitambua. Ni ile ninayopewa na darasa la tano nikiuliza kama wameelewa.

Nikakaa chini na mimi. Nikaanza kuzipitia jioni zetu, moja baada ya nyingine, na kila niliyoigusa ilikuwa imeharibika. Mfuko wangu sokoni. Kigoda. Kucheka kwake panapostahili. Nilikuwa nimekunywa chai na mtu aliyekuja kazini. Nilimweleza jinsi mke wangu alivyokufa, naye alikuwa zamu.

"Basi nenda," nikamwambia. "Nimekupa njia. Kesho. Hata leo."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe mwache kule, nitamfuata."

Akatikisa kichwa. Alisema hawezi kuondoka na neno tu. Akiondoka na ng'ombe akiwa zizini kwake, ametoroka, na njia nzima atakuwa mtu aliyetoroka, hata akifika kwa mke wake. Ng'ombe lazima arudi mkononi mwangu, mchana, mbele ya watu wanaofahamika. Hapo tu ndipo kamba inakatika.

Nikacheka, si kwa furaha. Kwetu sisi hilo ndilo jambo baya kuliko yote unayoweza kumfanyia mtu uliyemwachia ng'ombe. Ukitaka kumrudisha unakwenda jioni, na pombe, mnazungumza habari za mvua, unatoa sababu, msiba au mahari, na ng'ombe anaondoka alfajiri bila watu kujua. Kumchukua mchana mbele ya majirani ni kutangaza kwamba aliyekuwa naye amekuibia, au kwamba wewe ni mtu usiye na utu. Hakuna la tatu. Nilimweleza hivyo.

"Basi watasema mimi mwizi," akasema. "Nitakuwa nimeshaondoka."

Nilimwambia hapana, hawatasema hivyo.

Usiku ule nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Nilikuwa nalijua hilo vizuri. Nisingefanya lolote, angekuja kesho na keshokutwa, na maziwa, na "hodi," na nyumba ingekuwa na mtu. Asubuhi nikaenda kwa balozi wa nyumba kumi nikamwomba awepo kwangu Jumamosi saa sita, nikawaambia na wazee wawili wa jumuiya. Mama jirani sikumwita, ila yeye uzio ukitikisika huja.

Fundi alimleta ng'ombe mwekundu na ndama wake kutoka Mutuka, akawapitisha katikati ya mji. Alikuwa amewaosha. Balozi aliwatazama akaniuliza ng'ombe ana kasoro gani.

"Hana kasoro."

"Ndama si huyu?"

"Ndiye. Fundi hana kosa lolote, nataka mlisikie wote. Amemtunza kuliko mimi."

"Sasa?"

"Nataka ng'ombe wangu."

Ningeweza kuwaeleza. Lakini kueleza kwamba namwachia huru kungekuwa kuwatangazia kwamba tangu mwaka jana yule mtu mzima alikuwa mtumishi wangu, naye amesimama pale amevaa shati lake zuri. Balozi akakohoa akatazama mlima. Mzee mmoja akasema kwa lugha ya kwetu, taratibu, kwamba mambo haya hayajawahi kuonekana. Mama jirani hakusema taratibu.

"Mwalimu, mke wa mtu amelala chini upande mmoja, na wewe unamnyang'anya maziwa? Umeogopa nini, kwamba ni mkimbizi? Kumbe yote yalikuwa ya kanisani tu."

Fundi alinyoosha kamba akaiweka mkononi mwangu. Ilikuwa na joto la mkono wake. Alipoiachia, aliinua uso akanitazama machoni, na mabega yake yalishuka kama ya mtu aliyetua mzigo kichwani. Hakuinama. Alisema, "Basi," akawageukia wengine.

Kwa desturi yetu yule ndama ilikuwa haki yangu kumpa, na alistahili. Sikuweza kumpa. Sikuweza kumpa hata kiberiti cha njiani. Chochote ambacho kingetoka mkononi mwangu kingekuwa kamba nyingine, na mimi peke yangu Babati nzima ndiye niliyekatazwa kumsaidia. Lakini hasira ya mama jirani ilifanya kazi ambayo nisingeweza kuiomba. Kabla ya saa tisa alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akinisema, na kila alikonisema alitoka na kitu: mahindi ya kuchoma, kanga kwa ajili ya mgonjwa, kipande cha sabuni ambacho sijui nani alikuwa amekificha. Akasema Fundi atalala kwake na wanawe hadi lori la asubuhi, kwa kuwa wengine wetu hatuna nyumba ya kulaza watu.

Jioni nilikamua mwenyewe. Nikachemsha chai, nikaosha vikombe viwili. Nilijiambia kwamba sasa hana deni kwangu, na mtu asiye na deni akija, amekuja. Kati ya mlango wangu na wa mama jirani hapakuwa na zaidi ya uzio alioukaza yeye mwenyewe. Nilifungua mlango ili asihitaji kubisha.

Kule upande wa pili walikuwa wamewasha moto nje, na kulikuwa na watu wengi. Nikasikia mtu anasimulia. Ilikuwa sauti ya kiume, nene, yenye haraka, inayopanda na kushuka, na kila ilipofika mahali watu walilipuka kwa kicheko. Ilinichukua muda kujua kwamba ni Fundi. Sikuwa nimewahi kumsikia akisimulia jambo. Alikuwa fundi wa hilo pia, alijua mahali pa kunyamaza na mahali pa kuwaachia.

Halafu akaanza kuigiza mtu. Alikohoa mara mbili, kikohozi kikavu cha mtu anayetaka kusema jambo kubwa, akavuta pumzi kwa pua, akasema kwa madaha, "Sasa, ndugu zangu, hapa tuelewane." Wanawake walicheka hadi wakaanza kukohoa wenyewe. Nilikijua kikohozi kile. Kwetu mtu hamtanii bwana wake, anamtania mwenzake tu. Fundi alikuwa ananiigiza vizuri sana, na huku upande wangu, mlango ukiwa wazi, nilicheka peke yangu.